Kabla ya p: Jinsi ya Kukusanya Data Isiyokudanganya

Mwaka wangu wa kwanza wa kukusanya data, vijiji vya upande wa Nyando, nilijaza fomu sita nikiwa nimeketi chini ya mwembe. Wingu lilikuwa limeshatanda upande wa Nandi, nyumba sita za mwisho zilikuwa ng'ambo ya mto, na nilishahoji watu wa kutosha kijijini humo kudhani najua wale waliobaki watasema nini. Nikawajibia.

Msimamizi wangu hakuwa na kifaa chochote cha kunifuatilia. Siku hizo zilikuwa za karatasi na kalamu. Alisoma safu ya umri tu: 37, 43, 29, 51, 34, 46. Akaniangalia juu ya miwani. "Kijana, kijiji hiki hakina hata mtu mmoja wa miaka 40?"

Mzee asiye na cheti cha kuzaliwa ukimuuliza umri atakwambia "kama arobaini hivi", au "weka sitini". Umri unaotajwa vijijini hujazana kwenye namba zinazoishia na 0 na 5. Anayetunga huzikwepa namba hizo kwa sababu anaona zitamchoma, na huko kukwepa ndiko kunakomchoma. Nilirudi ng'ambo ya mto kesho yake kwa miguu yangu, bila posho ya siku hiyo.

Kilichonibakia akilini ni kwamba fomu zile sita zingeingia kwenye kompyuta pamoja na zingine zote, programu ingezisaga na kutoa thamani ya p bila kusita. Programu haijui mwembe. Haijui pia kwamba uliruka nyumba zenye mbwa, wala kwamba ulijaribu uchambuzi kumi na saba kabla ya kupata ule unaokupendeza. Kwa hiyo mwongozo huu, ambao nimeuandikia mwanafunzi wa mwaka wa nne anayehangaika na mradi wake na kijana aliyeajiriwa wiki mbili kuzunguka na tableti katika mitaa ya Kisumu kama Manyatta au Obunga, nusu yake kubwa unahusu mambo yanayotendeka kabla p haijazaliwa.

Kwanza, p ni nini hasa?

Chukua sarafu ya shilingi 10, zile mpya zenye simba. Irushe mara 20. Ukitarajia kitu, utatarajia simba mara 10 hivi. Upande mmoja ukitokea mara 15 au zaidi utashtuka, na una haki ya kushtuka: kwa sarafu isiyo na hila, jambo hilo hutokea takriban mara 4 katika kila majaribio 100. Hiyo ndiyo p, yaani 0.04. Inajibu swali moja tu: kama hakuna lolote linaloendelea, ni mara ngapi bahati peke yake ingetuletea matokeo ya ajabu kiasi hiki au zaidi?

Haikwambii kuna uwezekano wa asilimia 96 kwamba uko sahihi. Haikwambii tofauti uliyoiona ni kubwa. Kiswahili chetu nacho kimetuponza hapa, maana tukisema "umuhimu wa kitakwimu" msikilizaji anasikia "jambo muhimu", kumbe jambo lenyewe laweza kuwa dogo kama punje ya omena. Na ule mpaka wa 0.05, ambao p ikiwa chini yake watu husema matokeo yana umuhimu wa kitakwimu, haukushushwa mlimani: Ronald Fisher, mwanatakwimu Mwingereza, aliueneza katika kitabu chake cha 1925 kwa sababu ulikuwa mpaka rahisi kutumia.

Sasa wape wanafunzi 40 sarafu, kila mmoja arushe mara 20. Uwezekano wa angalau mmoja wao kupata 15 au zaidi za upande mmoja unapita asilimia 80. Ukimpiga picha huyo mmoja na sarafu yake, ukaficha wale 39, una "ugunduzi" wenye p chini ya 0.05. Hesabu ni sahihi kabisa, na ni uongo mtupu. Karibu kila hatua hapa chini inazuia namna moja ya kuwaficha wale 39.

Hatua ya 1: Andika swali lako kabla ya kufunga kamba za viatu

Karatasi moja inatosha. Iandike hivi: nataka kujua nini, nitapima kwa kitu gani kimoja kikuu, nitalinganisha nani na nani, nitatumia jaribio gani la kitakwimu, na nitamtoa nani kwenye hesabu na kwa sababu gani. Weka tarehe. Mtumie msimamizi wako kwa barua pepe ili isije ikabadilika usiku. Utafiti mkubwa husajiliwa kwenye daftari za wazi mtandaoni, lakini barua pepe yenye tarehe inamtosha mwanafunzi.

Neno linalobeba uzito ni "kimoja". Mwaka 2015 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon na wenzake walifanya jaribio la makusudi kuhusu kula chokoleti huko Ujerumani. Walipima watu 15 tu kwa vipimo 18 tofauti, uzito, kolesteroli, usingizi na kadhalika, wakijua fika kwamba kwa vipimo vingi hivyo huenda kimoja kikaangukia chini ya 0.05. Kikaanguka cha uzito. Jarida likachapisha, magazeti ya nchi kadhaa yakatangaza kwamba chokoleti inakondesha. Piga hesabu mwenyewe: vipimo 18 visivyotegemeana, kila kimoja na nafasi ya asilimia 5 ya kudanganya, vinakupa nafasi ya asilimia 60 kwamba angalau kimoja kitadanganya.

Ukiwa na maswali mengine, yaandike pia, ila chini ya kichwa "ya kuchunguza tu".

Wakati huohuo shughulikia vibali. Kibali cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi hapa Kenya), idhini ya kamati ya maadili, barua ya kumpelekea chifu. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, majina na namba za simu za watu si mali yako ya kuzagaza. Usianze kuhoji ukisema karatasi zitakuja nyuma.

Hatua ya 2: Amua idadi, na amua utasimama wapi

Hapa ndipo watu wema hukosea bila kujua. Unahoji 50, unachungulia matokeo, p ni 0.11. "Tuongeze 20." Unachungulia tena, 0.08. Unaongeza 20. Inafika 0.046, unafunga safari na kununua soda. Kila unapochungulia ni kama kurusha sarafu upya. Ukichungulia mara tano, huku ukiwa tayari kusimama popote utakapopendezwa, nafasi yako ya kudanganyika haiwi tena asilimia 5 bali karibu 14.

Basi piga hesabu mapema. Tuseme unadhani asilimia 30 ya kaya zina klorini kwenye maji ya kunywa, na ungependa kuweza kuona kama mradi umezifikisha asilimia 40. Kwa nguvu ya asilimia 80, yaani nafasi ya kuiona tofauti hiyo ikiwa ipo kweli, unahitaji takriban kaya 356 kila upande. Najua, umeshtuka. Wengi hupanga 60 kwa sababu ndizo nauli inaweza kuzifikia. Ukiwa na 60, andika waziwazi kwamba tofauti ndogo hutaiona, na usije ukasema "mradi haukusaidia" wakati ukweli ni kwamba wewe hukuwa na macho ya kuona.

Kuna mtego mwingine ambao nimeuona ukila hata wenye digrii mbili. Watu 30 wa kijiji kimoja si watu 30. Wanachota kisima kimoja, wanasikiliza mhudumu wa afya mmoja, wanaenda kanisa moja. Kufanana kwao hata kukiwa kidogo tu, tuseme 0.05 kwa kipimo cha kufanana kinachotoka 0 hadi 1, watu 300 kutoka vijiji 10 hubeba taarifa za watu kama 122 hivi. Afadhali vijiji 30 vya watu kumi kumi, ingawa bodaboda itakula pesa.

Hatua ya 3: Nyumba zichaguliwe na orodha, si na miguu yako

Miguu ina upendeleo. Hupenda nyumba iliyo karibu na lami, yenye kivuli, isiyo na mbwa, ambako mama amekwisha kukuona na kuita "karibu". Nyumba hizo hazifanani na zile za bondeni.

Saa nazo huchagua. Nenda ufuo wa Dunga saa nne asubuhi uwahoji "wavuvi": wavuvi wa omena walikuwa ziwani usiku kucha na taa zao, saa hizo wamelala. Utahoji akina mama wanaoanika, kisha utaandika ripoti kuhusu wavuvi. Hoji Manyatta siku ya kazi saa tano, utapata wasio na kazi na wenye watoto wachanga. Jumapili nayo nusu ya mtaa iko Kibuye sokoni.

Fanya hivi. Pata orodha ya kaya kutoka kwa mhudumu wa afya wa kijamii, au itengeneze mwenyewe kwa kuzunguka na mzee wa kijiji siku nzima. Zipe namba. Chagua kwa nasibu, kwa kompyuta au hata vikaratasi ndani ya sufuria. Nyumba ikikosa mtu, rudi mara tatu kwa saa tofauti, mojawapo jioni. Ikishindikana, andika "hatukumpata", na hesabu ya wasiopatikana iende kwenye ripoti. Usimbadilishe na jirani kwa sababu jirani yuko mlangoni anakutazama.

Mzee wa kijiji akikwambia, "Mwanangu, hapo usiende, hao ni watu wa shida," mshukuru, kisha uende. Mara nyingi hao ndio utafiti wako unawahusu.

Hatua ya 4: Usimlishe mtu maneno

Sikiliza namna mbili za swali moja.

"Mama, maji ya kunywa huwa unaweka dawa, sivyo?"
"Eeh, naweka."

"Mama, naomba maji kidogo kwenye kikombe, kama yale ambayo watoto wamekunywa leo."

La kwanza linakupa adabu ya mama. La pili linakupa maji, ambayo unaweza kuyatia dawa ya kupimia ukaona rangi. Tafiti za maji huku kwetu magharibi zimepima klorini iliyobaki kwenye mtungi kwa sababu hiyohiyo. Panapowezekana kupima, pima. Pasipowezekana, uliza tukio la karibuni: "Jana jioni mlikula nini?" na si "Huwa mnakula mboga?"

Jitambulishe vizuri, na useme mapema kwamba jibu lolote halileti msaada wala kuuzuia. Miradi imepita huku mingi mno. Watu wameona jirani akiandikwa kisha akapewa neti, mbuzi, au pesa kwenye simu, na dani (bibi mzee) mwenye busara akiona tableti anaanza kuhesabu kuku wake kwa kwenda chini. Yeye si mwongo, amejifunza kutokana na sisi. Kipande cha sabuni cha shukrani mpe mwishoni, na kiwe kilekile kwa kila mtu.

Jihoji pia nani anamhoji nani. Kijana wa kiume wa miaka 22 hatapata jibu la kweli kuhusu uzazi kutoka kwa mama wa watu, hasa mama mkwe akiwa ameketi hapo hapo. Na lugha: swali likitafsiriwa papo hapo na kila mhoji kwa Kijaluo chake au Kiluhya chake, una maswali mengi kama walivyo wahoji. Tafsirini mezani, mmoja atafsiri kurudi nyuma, mkubaliane neno.

Hatua ya 5: Kagua kila jioni, kabla ya chakula

Anza na muda. Hojaji iliyochukua dakika 45 asubuhi haiwezi kuchukua 9 saa kumi jioni. Angalia maswali ya mlango, yale ambayo "ndiyo" hufungua kurasa tatu: "Kuna mtoto aliyeugua wiki mbili zilizopita?" Mhoji mmoja akipata "hapana" mara nyingi kuliko wenzake wote katika eneo lilelile, ama amegundua kijiji cha afya ama anataka kumaliza mapema. Tazama umri, kama nilivyofundishwa. Tazama sehemu ya "mengineyo, eleza": data ya kweli huwa na vituko humo, mtu aliyekataa katikati, mwenye nyumba mbili, aliyejibu akiwa ameshika kuku. Data safi mno inanitia wasiwasi kuliko chafu.

Kisha chukua moja kati ya kila kumi, kwa nasibu, na mtu mwingine arudi au apige simu na kuuliza maswali matano yasiyobadilika: wangapi wanalala hapa, paa ni la nini, jana mlihojiwa?

Ukimkamata mtu, zungumza naye kabla hujamfukuza. Muulize alipewa kaya ngapi kwa siku. Ukilipa kwa kila fomu, na ukataka fomu 12 mahali ambapo 6 ndizo zinazowezekana, mwembe umeupanda wewe.

Hatua ya 6: Usafishaji si kufukuza wageni wabaya

Wakati mmoja tulikuwa na mkulima aliyevuna "magunia 45" ya mahindi kwenye robo ekari. Mwenzangu akataka kumfuta maana alikuwa anaharibu wastani. Tukapiga simu kwanza. Mzee alicheka hadi akakohoa. Alivuna gorogoro 45. Gorogoro moja ni kilo mbili hivi, gunia ni kilo 90: mzee alipata gunia moja, na mhoji alibonyeza mstari usio wake. Tulipochimba tukakuta wengine kumi na mmoja wa mhoji huyohuyo, na hao hakuna aliyewashuku kwa sababu namba zao zilikuwa za kawaida kiasi.

Kwa hiyo: nakala ya data ghafi usiiguse kamwe. Kila badiliko liandikwe, nani, lini, kwa nini. Sheria ya kumtoa mtu itoke kwenye ile karatasi ya Hatua ya 1. Na usafi ufanyike bila kujua nani yuko kundi gani. Ukiona unamfuta mtu kisha unakimbilia kuangalia p imesogea wapi, inuka ukanywe chai.

Hatua ya 7: Fanya uchambuzi ulioahidi

Ule mmoja. Uufanye, uuandike, hata ukitoka 0.38.

Najua presha ilivyo. Mjini kuna watu wa SPSS, ile programu ya takwimu, ambao ukiwapelekea data watakuuliza, bila aibu, "unataka itoke significant?", yaani p iwe chini ya 0.05. Pesa zao ni nafuu na matokeo yao ni mazuri daima. Ukikataa hao, jaribu lingine litatoka ndani yako: labda inafanya kazi kwa wasichana tu, labda wasichana wa darasa la sita, labda wa darasa la sita wanaoishi karibu na lami. Kila "labda" ni mwanafunzi mwingine wa sarafu. Ukizijaribu, hesabu ulizojaribu na uzitaje zote. Njia nyepesi ya kujilinda ni kugawa 0.05 kwa idadi ya majaribio: ukijaribu kumi, dai 0.005.

Na usione haya kupata hapana. Utafiti wa WASH Benefits uliofanyika Bungoma, Kakamega na Vihiga uliandikisha wanawake wajawazito zaidi ya 8,000. Mpango wa uchambuzi ulikuwa umewekwa wazi mapema. Matokeo yalipotoka 2018, maji, vyoo na kunawa mikono havikuwa vimepunguza kuhara kwa watoto hapa Kenya, ingawa utafiti pacha wa Bangladesh ulionyesha kupungua. Wangeweza kukata data vipande hadi wapate kipande kitamu. Hawakufanya hivyo, na leo anayepanga mradi wa maji huku hawezi kuwakwepa.

Hatua ya 8: Andika namba, siyo nyota

Jedwali lililojaa nyota tatu-tatu, zile za kuonyesha p ni ndogo, halimsaidii afisa wa afya wa kaunti. Andika kwa sentensi. Kwa mfano wetu wa klorini: "Kaya 142 kati ya 356 za mradi (asilimia 40) zilikuwa na klorini, dhidi ya 107 kati ya 356 (asilimia 30) zisizo za mradi. Tofauti ni pointi 10, na mipaka ya uhakika wa asilimia 95 ni kutoka 3 hadi 17." Hapo msomaji anaona ukubwa wa jambo na ukubwa wa shaka. Kaya zikiwa zimetoka vijiji vichache, mipaka hiyo itakuwa mipana zaidi, nawe lazima uihesabu hivyo. p iandike kamili, 0.006, si "chini ya 0.05". Na 0.049 usiipigie ngoma huku 0.051 ukiilia matanga. Ni ndugu wa tumbo moja.

Hatua ya 9: Acha wengine wapekue

Utafiti wa dawa za minyoo wa Busia, wa Edward Miguel na Michael Kremer, ulifanyika katika shule 75 na kuchapishwa 2004. Waandishi walitoa data yao na maelekezo ya hesabu kwa watafiti wengine. Mwaka 2015 hao wengine walichapisha uchambuzi wa upya, wakaonyesha makosa ya hesabu, hasa kuhusu faida kwa shule za jirani, na ukazuka ubishi mkali ambao haujaisha. Wengine husimulia kisa hiki kama aibu. Mimi huwaambia vijana wangu kinyume: tunajua makosa hayo kwa sababu mlango uliachwa wazi. Tafiti ngapi hatuzijui makosa yake?

Kabla ya kuweka data yako mtandaoni, ondoa majina, simu, namba za vitambulisho na alama za ramani za nyumba. Kisha isome upya kama jirani mwenye udaku. Katika kijiji cha nyumba 40, mjane mwenye watoto tisa na ng'ombe mmoja wa gredi hahitaji jina ili ajulikane. Umri wake ugeuze uwe kundi, watoto wake wawe "saba au zaidi", na ng'ombe mtoe kabisa.